Mtaro wa Mvua wa Mtaa na Kijito Chake: Kazi Inayoanzia Chini

Nyamitanga ni kilima kilicho ng'ambo ya mto Rwizi, mjini Mbarara. Mvua ikinyesha, maji ya mabati na ya barabara za udongo hushuka mtoni kwa kasi, na Rwizi huyapeleka Isingiro, kwenye vinamasi na maziwa ya Mburo na Nakivale. Wakimbizi wa Nakivale huchota maji katika ziwa hilo. Ukijenga mtaro unaokimbiza maji bila kutayarisha yanakofikia, umemhamishia jirani mafuriko na kuwachafulia maji watu wa mbali. Ndiyo maana mwongozo huu huanzia chini na kupanda. Usiruke hatua.

Katika maelezo haya, *mtaro* ni njia ya maji iliyojengwa. *Kijito* ni njia ya asili. *Mdomo* ni mahali mtaro unapomwaga maji kijitoni. Vipimo ni vya kijito chenye kina kisichozidi mita 1.5. Zaidi ya hapo, mwite mhandisi.

1. Fuata maji wakati mvua inanyesha. Pigilia vigingi yanapoingia mtaani, yanapotuama na yanapotokea. Pima kwa futi alama za tope kwenye kuta na uziandike. Bila namba hizo hutajua baadaye kama kazi imesaidia.

2. Omba ruhusa. Anza kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa), kisha ofisi ya mhandisi wa jiji. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 zinalinda ukanda wa mita 100 kando ya Rwizi na mita 30 kando ya mito midogo. Ukiingia humo, unahitaji kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Panga kuchimba Juni na Julai, kabla ya mvua za Septemba hadi Novemba.

3. Kokotoa maji. Mfano: eneo la hekta 2 ni mita za mraba 20,000. Mvua ya milimita 60 kwa saa huleta mita za ujazo 1,200 kwa saa. Kwenye mabati na udongo ulioshindiliwa, chukua sehemu 6 kwa 10 kuwa ndizo zinazotiririka: 720 kwa saa, yaani lita 200 kwa sekunde. Mtaro wa mawe wenye upana wa sm 50, kina cha sm 50 na mteremko wa sm 2 kwa kila mita huyabeba na nafasi ikabaki. Eneo likiwa kubwa zaidi, kokotoa upya. Usikisie.

4. Imarisha kijito. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na kuiruka ndiko kunakozaa makorongo. Jenga vizuizi vya mawe kuvuka kijito, kuanzia cha chini kabisa.

Chimba msingi wa sm 30, na uingize kila ncha ya kizuizi sm 50 ndani ya ukingo. Panga mawe ya sm 20 hadi 30, makubwa yakitangulia. Katikati pawe na kimo cha sm 50 na pembeni sm 80, ili maji yapite katikati na yasitafune kingo. Upande wa chini tandaza mawe urefu wa mita 1.

Umbali kati ya vizuizi ni kimo cha katikati kugawanywa kwa mteremko: sm 50 kwa mteremko wa sm 4 kwa mita ni mita 12.5. *Hakiki:* kitako cha kizuizi cha juu kiwe usawa mmoja na kilele cha katikati cha kile cha chini. Kikiwa juu zaidi, ongeza kizuizi kati yao.

5. Jenga mdomo. Elekeza mtaro uingie kijitoni kwa mshazari, ukifuata mkondo. Tandika kokoto unene wa sm 10, kisha mawe mazito mita 2 kwenda mbele.

6. Pima mteremko. Tumia mpira mwangavu wa mita 15 uliojazwa maji. Kwanza shikanisha ncha zake mbili: maji yasipolingana, kuna kiputo cha hewa ndani, na hata kiputo kimoja kitakudanganya. Kitoe. Weka vigingi kila mita 10. Kwenye kigingi cha chini tia alama mita 1.5 juu ya sakafu inayokusudiwa. Hamishia usawa huo kigingi cha juu, ambako sakafu itakuwa mita 1.3 chini ya alama.

Ardhi ikishuka sm 5 kwa mita, sakafu haitaifikia. Weka kidato cha sm 30 kila mita 10.

7. Chimba kutoka mdomoni kwenda juu, upana wa sm 90 na kina cha sm 65. Udongo usiuache ukingoni. Mvua moja itaurudisha.

8. Jenga sakafu ya mawe sm 15 na kuta za sm 20. Changanya saruji ndoo 1 kwa mchanga ndoo 4. Acha tundu la bomba la milimita 50 kila mita 2 ukutani, ili maji ya ardhini yasiusukume. Funika kwa magunia na uyaloweshe kwa siku 7.

9. Panda nyasi za vetiva kwenye kingo za kijito mvua zinapoanza, miche ikiachana sm 15, mistari ikikata mteremko. Mabingobingo yakae juu ya ukingo, ambako ng'ombe hukatiwa. Usipande mikaratusi.

10. Jaribu. Mimina jerikeni 10 za lita 20 kwa mfululizo juu ya mtaro. Baada ya dakika 10, dimbwi lolote lenye kina cha zaidi ya sm 1 linaonyesha sakafu iliyokosewa. Bomoa kipande hicho na ukijenge upya.

11. Kagua baada ya kila mvua kubwa. Toa kaveera (mifuko ya plastiki) na mchanga, rudisha mawe yaliyosogea, na pima alama za tope kwenye kuta zile zile za hatua ya 1. Zisiposhuka, rudi hatua ya 3.