Dondoo muhimu: Kuokoa udongo wa mteremkoni

Kaunti za Kisii na Nyamira hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Mvua ipo, tatizo ni rutuba kuteremka nayo hadi mto Gucha.

• Fanya juu: chimba mtaro unaokingama mteremko, kina na upana sentimita 60 hivi, udongo uutupe upande wa juu. Pandia tuta napia papo hapo, maana tuta tupu halimalizi msimu. Usawa upime kwa fremu ya A: fito tatu, uzi na jiwe. Jicho hudanganya, hasa kwenye shamba ulilolizoea.

• Tithonia, ile ya maua ya njano kando ya barabara, ni mbolea ya bure. Katakata majani mabichi, uyafukie kabla ya kupanda mahindi.

• Chokaa? Pima udongo kwanza. Mahindi hunufaika asidi ikipungua. Majani chai huipenda asidi, usiyawekee chokaa.

• Mikaratusi isikaribie chemchemi.

Kabla ya kuchimba, zungumza na jirani wa juu: maji ya shamba lake ndiyo yatakayojaza mtaro wako.