Kwenda Kuitazama Timu Yako Ikicheza

Ndugu msomaji, je, unayo timu unayoipenda? Bila shaka unayo. Labda unaifuata kwa redio kila Jumapili. Labda unasoma habari zake katika gazeti. Hilo ni jambo jema, lakini kusikia si kuona. Somo hili litakueleza jinsi ya kwenda mwenyewe kuitazama timu yako, na kurudi nyumbani salama. Tutachukua mfano wa mpira wa magongo.

1. Mchezo wenyewe

Mpira wa magongo huchezwa na timu mbili. Kila timu ina wachezaji 11 uwanjani, na mmoja wao ni kipa. Kila mchezaji anashika gongo lililopindika mwishoni. Gongo lina upande bapa na upande wa mviringo. Ni upande bapa tu unaoruhusiwa kupiga mpira. Asiye kipa haruhusiwi kuuchezea mpira kwa mguu.

Mpira ni mdogo na mgumu. Uzito wake ni kati ya gramu 156 na 163. Uwanja una urefu wa mita 91.4 na upana wa mita 55. Mbele ya kila lango kuna mstari uliopinda kama upinde. Bao halihesabiwi mpaka mshambuliaji awe ameuchezea mpira ndani ya mstari huo. Kwa hiyo ukiona mpira umepigwa kutoka mbali ukaingia langoni, usishangilie haraka. Mtazame mwamuzi kwanza.

Waamuzi ni wawili. Wana kadi za rangi tatu. Kadi ya kijani humtoa mchezaji nje kwa dakika 2. Kadi ya manjano humtoa kwa dakika 5 au zaidi. Kadi nyekundu humtoa kabisa.

Zamani mchezo ulikuwa na vipindi 2 vya dakika 35. Siku hizi una vipindi 4 vya dakika 15. Hebu piga hesabu: mchezo wa zamani ulikuwa mrefu kuliko wa sasa kwa dakika ngapi?

2. Kenya na magongo

Mchezo huu si mgeni kwetu. Mwaka 1971 Kombe la Dunia la magongo lilichezwa kwa mara ya kwanza, mjini Barcelona, Hispania. Timu ya Kenya ilishika nafasi ya 4. Mmoja wa wachezaji wetu mashuhuri wa miaka ile ni Avtar Singh Sohal, aliyecheza katika Olimpiki nne, kuanzia 1960 hadi 1972.

Wakati ule watu walicheza kwenye majani ya kawaida. Kuanzia Olimpiki ya 1976 mjini Montreal, Kanada, mashindano makubwa yalianza kuchezwa kwenye majani ya bandia. Majani hayo ni ghali sana. Nchi nyingi zenye uwezo mdogo zilibaki nyuma. Kwetu, uwanja wa City Park, Nairobi, ulitumika kwa Michezo ya Afrika ya mwaka 1987. Uwanja huo uko upande wa Parklands, karibu na barabara ya Limuru. Baadhi ya wachezaji waliocheza pale walitoka katika shule za mikoani. Huenda baadhi yao ni watoto wa wakulima kama wewe.

3. Kabla ya safari

Usiondoke kwa pupa. Chukua daftari lako uandike mambo haya:

(a) Siku na saa ya mchezo. Uliza kama ni saa za Kiswahili au saa za Kiingereza. Saa 8 mchana huandikwa 2.00 katika ratiba nyingi. Watu wengi wamekosa mchezo kwa sababu hiyo.

(b) Jina la uwanja, na jina la kituo utakaposhukia.

(c) Gharama. Tuseme nauli ya kwenda ni shilingi 600, na ya kurudi 600. Kiingilio, kama kipo, ni 200. Chakula ni 250. Jumla ni shilingi 1,650. Nauli ya kurudi itenge peke yake. Itie katika mfuko mwingine wala usiiguse, hata timu yako ikishinda.

Ukinunua tikiti, isome kabla ya kuondoka dirishani. Je, tarehe ni ya leo? Je, majina ya timu ni yale? Tikiti usiitupe mpaka ufike nyumbani.

4. Ndani ya uwanja

Ukifika, tafuta kwanza mlango wa kutokea. Usome kibao chake, ukumbuke ulipo. Hili si jambo la mchezo. Tarehe 9 Mei 2001, katika uwanja wa kandanda mjini Accra, Ghana, mashabiki waliokasirika walianza kurusha viti. Polisi wakafyatua gesi ya kutoa machozi. Watu wakakimbilia milango, na milango mingine ilikuwa imefungwa. Watu zaidi ya 120 walikufa. Walikuwa wamekuja kuitazama timu yao tu, kama wewe.

Usikae nyuma ya lango ikiwa hapana wavu wa kuwakinga watazamaji. Mpira wa magongo ukiruka unaweza kuvunja jino au kutoboa jicho. Ukiwa na mtoto, mweke karibu nawe, na mfundishe jina la mahali mtakapokutana akipotea.

5. Sauti ya shabiki

Katika kandanda watazamaji ni maelfu, na sauti yako humezwa na sauti za wengine. Katika magongo viti vingi huwa vitupu. Basi utafikiri sauti yako haina kazi. Kumbe ni kinyume! Mahali penye watu wachache, mchezaji anasikia kila neno. Ukimtaja kwa jina, anakusikia. Ukimtukana, pia anakusikia. Kwa hiyo chagua neno lako vizuri kabla ya kulitoa.

Nitakueleza kisa kimoja. Katika darasa langu alikuwamo mzee mmoja. Binti yake alikuwa akicheza magongo Nairobi. Kwa miaka mitatu binti alimwomba baba yake aje amtazame. Kila mara mzee alijibu, "Mwaka huu shamba lina kazi nyingi." Sote tuliamini hivyo. Siku moja, baada ya somo, alibaki nyuma akaniambia ukweli. Alisema, "Mwalimu, si shamba. Naona aibu kupotea mjini kama mtoto, kwa kutojua kusoma."

Mzee yule aliendelea na masomo. Alipoweza kusoma vibao, tulifunga safari pamoja. Katika kituo cha mabasi manamba mmoja alimshika mkono akamvuta kuelekea gari lake. Alisema, "Mzee, ingia, linakwenda huko huko." Mzee alisimama. Aliinua macho akasoma kibao cha gari herufi kwa herufi. Kisha akasema, "Kijana, hapa hapakuandikwa hivyo." Manamba alimwachia mkono. Mimi sikusema neno.

Uwanjani mzee alitoa karatasi mfukoni. Alikuwa ameandika nambari 14, nambari ya fulana ya binti yake. Aliitafuta mpaka akaiona. Hapo aliinuka, akaliita jina la binti yake kwa sauti kubwa. Watu waligeuka kumtazama, lakini hakujali. Binti hakugeuka, kwa maana mpira ulikuwa karibu naye.

Timu yao ilifungwa mabao 2 kwa 1. Mzee alikaa kimya, kofia magotini. Nilidhani amehuzunika kwa ajili ya kushindwa. Baadaye binti alikuja, jasho likimtoka, akainama kumwamkia. "Shikamoo baba. Nilikusikia," alisema. Mzee akajibu, "Marahaba, mwanangu." Kisha akaongeza, "Ningalikuja zamani."

Ndugu msomaji, huenda na wewe unaye mtoto, au ndugu, au timu inayokungoja. Fikiri ni kitu gani kinachokuzuia. Kama ni fedha, weka kidogo kidogo. Kama ni kusoma, basi umekwisha kuanza, kwa maana umesoma ukurasa huu mpaka mwisho.

Maneno ya kukumbuka

bandia – kitu kisicho cha asili, kilichotengenezwa kufanana na cha asili
kiingilio – fedha za kulipa mlangoni
manamba – mtu anayeita abiria katika kituo cha magari
pupa – haraka isiyo na mpango
shabiki – mtu anayeipenda na kuifuata timu

Maswali

1. Mchezaji asiye kipa anakatazwa nini?
2. Kenya ilishika nafasi ya ngapi katika Kombe la Dunia la mwaka 1971?
3. Kwa nini ni lazima kuujua mlango wa kutokea?
4. Mzee alisema hakwenda Nairobi kwa sababu ya shamba. Sababu ya kweli ilikuwa nini?
5. Kwa nini mzee alisema, "Ningalikuja zamani"?

Zoezi

Andika katika daftari lako mpango wa safari ya kwenda kutazama mchezo. Taja siku, saa, kituo cha kushukia na gharama zote. Jumlisha. Kisha gawanya jumla hiyo kwa majuma 8, upate fedha utakazoweka kila juma.

Jadilianeni darasani: Je, shabiki mwema afanye nini timu yake ikifungwa?