Vyombo vya Fedha vya Wafalme

Wahenga walisema, "Mkono mtupu haulambwi." Desturi ya kutokwenda kwa mkubwa mikono mitupu si ya nchi zetu peke yake. Wafalme wa Ulaya nao waliishika sana, na zawadi mojawapo waliyoipenda ni vyombo vya fedha. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za vyombo vya Waingereza vilivyopelekwa Urusi zamani, kwa kuwa zina fundisho kwa kila mtu aliyewekewa amana ya watu.

Kwanza yatupasa kujua kwa nini walichagua fedha. Siku hizo madini ya chombo na madini ya sarafu yalikuwa ni yale yale. Kikombe cha fedha kilikuwa pambo la meza, tena kilikuwa akiba. Mwenyewe akipatwa na shida hukiyeyusha akapiga sarafu. Kwa hiyo sheria ya Uingereza iliwabana wafua fedha wasidanganye watu. Katika sehemu 1000 za chombo, sehemu 925 sharti ziwe fedha safi, na zilizosalia huwa shaba ya kukitia ugumu. Chombo kikiisha kupimwa mjini London kilipigwa chapa ya kichwa cha chui, na tangu mwaka 1478 iliongezwa herufi iliyobadilishwa kila mwaka. Hivyo mtu wa leo aweza kujua chombo kilipimwa mwaka gani.

Sasa tutazame jinsi vyombo hivyo vilivyofika Urusi. Mwaka 1553 merikebu tatu zilitoka Uingereza kutafuta njia ya kwenda Uchina kwa upande wa kaskazini. Mbili zilishikwa na barafu, na Sir Hugh Willoughby na watu wake wote wakafa. Ya tatu, iliyokuwa na Richard Chancellor, iliingia Bahari Nyeupe, naye akasafiri juu ya theluji mpaka Moscow, akapokewa na mfalme Ivan wa Nne. Mwaka 1555 wafanyi biashara wa London walipewa hati ya kuunda kampani ya kufanya biashara na Urusi. Waingereza walitaka nta, manyoya, shahamu na kamba za merikebu. Warusi walitaka nguo za sufi, madini na silaha. Tangu hapo wajumbe walikwenda na kurudi, na kila mjumbe alichukua zawadi. Mwaka 1604 Sir Thomas Smith alimpelekea mfalme Boris Godunov zawadi za Mfalme James wa Kwanza, nazo zilikuwa gari la fahari na vyombo vya fedha.

Vyombo hivyo vilikuwa mabirika na matasa ya kunawia, madumu ya mvinyo, vikombe vyenye vifuniko na vyombo vya chumvi, vingi vimepakwa dhahabu. Vilipelekwa mbele ya mfalme watu wote wakiona, kisha vikaingizwa katika hazina. Huko mafundi walivipima kwa mizani, wakavikadiria thamani, na makarani wakaviandika katika vitabu. Mfalme naye hakukubali kushindwa kwa ukarimu, bali alirudisha manyoya yenye thamani kubwa.

Lakini zawadi haiwezi kununua kila neno. Mwaka 1649 Waingereza walimwua mfalme wao, Charles wa Kwanza. Mfalme Alexei wa Urusi alichukizwa mno, akawaondolea wafanyi biashara wa Kiingereza haki zao, wasikae tena ila katika bandari ya Archangel. Charles wa Pili aliporudishiwa kiti cha baba yake, alimtuma Earl wa Carlisle, naye akafika mbele ya Alexei mwaka 1664 na zawadi nzuri za fedha, akiomba haki zile zirudishwe. Zawadi zilipokewa, lakini ombi lilikataliwa, na mjumbe akaondoka kwa hasira.

Je, vyombo vilivyobaki Uingereza vilipatwa na nini? Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1642, kila upande ulihitaji fedha za kulipa askari. Mwaka 1643 Mfalme Charles alivitaka vyuo vya Oxford vimpe vyombo vyao kama mkopo, navyo vikayeyushwa na kupigwa sarafu. Wapinzani wake katika London walifanya vivyo hivyo. Baada ya kifo chake, mali ya ufalme nayo iliuzwa au kuyeyushwa. Hivyo kazi ya mikono ya mafundi wa zamani ilipotea kwa miaka michache tu.

Ajabu ni hii: vilivyotolewa ndivyo vilivyosalimika. Katika hazina ya Kremlin mna chui wawili wakubwa wa fedha waliofuliwa London yapata mwaka 1600. Hao hawakuwa zawadi. Waliuzwa kutoka hazina ya mfalme wa Uingereza, wakafika Urusi mwaka 1629, nao wakaokoka vilevile. Mwaka 1812, Napoleon alipokaribia Moscow, Warusi waliihamisha hazina mpaka Nizhny Novgorod. Na mwaka 2013 baadhi ya vyombo hivyo vilipelekwa London kwa muda, Waingereza wakaja kutazama kazi ya babu zao, ambayo wao wenyewe walikuwa nayo kidogo.

Basi fundisho ni nini? Wafalme wa Urusi waliopokea vyombo hivyo wamekwisha kufa wote, lakini vyombo vipo, kwa sababu viliandikwa katika vitabu vya hazina. Zawadi apewayo mkubwa kwa ajili ya kiti chake ni amana ya watu wake, si mali ya kugawanywa na warithi. Nanyi wenye kiti, ngoma, mkuki au chombo cha wazee, kiandikeni: kilitoka wapi, nani alikileta, na kwa neno gani. Waalimu nao wawaulize watoto: katika kijiji chetu kuna kitu gani cha kale, na nani ajuaye habari zake? Asipoulizwa leo, kesho huenda hayupo wa kujibu.