Shawa ya Umeme Katika Joto la Turkana: Kebo Gani, Breka Gani?

Kijitabu hiki ni cha mwenye nyumba anayejenga vyumba vya kupangisha Kanamkemer, mwenye gesti kando ya barabara ya Lokichoggio pale Kakuma, mpangaji anayeoga kila asubuhi bila kujua kilichofichwa juu ya dari, na fundi anayeitwa kufunga shawa. Swali lake ni moja: kebo ya unene gani na breka ya ampea ngapi zitabeba shawa ya umeme bila hatari hapa Turkana? Tunataja Turkana kwa makusudi. Jibu linalofaa Kitale huenda likachoma nyumba Lodwar.

Kwanza, je, unaihitaji?

Joto la mchana Lodwar hufika nyuzi 35 na kupita. Maji yaliyoshinda juani kwenye tangi la plastiki huwa ya moto kufikia alasiri bila kutumia tokeni hata moja. Shawa ya umeme ina watu wake: mama aliyejifungua, mgonjwa, mzee, mgeni anayeoga alfajiri ili awahi gari. Kama nyumbani kwako hakuna mwenye haja hiyo, pesa hizo zitafanya kazi bora kwenye tangi la pili.

Tunalisema hili mapema kwa sababu shawa ndiyo mzigo mzito kuliko yote katika nyumba ya kawaida. Shawa moja ya wati 5,500 ni sawa na balbu 550 za wati 10. Kuoga dakika kumi kunakula takriban yuniti moja.

Kakuma swali ni zito zaidi. Tangu kambi ianze mwaka 1992, familia nyingi zimepata stima kutoka kwa jenereta za wafanyabiashara wanaovuta nyaya hadi kwa majirani, na Kalobeyei imepata mitambo midogo ya sola. Umeme wa namna hii hupimwa kwa taa, simu, televisheni na friji ya duka. Mtambo wa kilowati 20 unaweza kuelemewa na shawa tatu tu zikiwashwa kwa pamoja, na mtaa mzima ukabaki gizani. Waya mwembamba uliovutwa kutoka kwa jirani utapata moto kabla maji hayajapata. Ushauri wetu hapa hauna masharti mengi: usifunge shawa ya umeme kwenye laini ya jenereta ya jirani, na kwenye mtambo mdogo wa sola usiifunge bila idhini ya maandishi ya mwenye mtambo. Hita ya sola ya juu ya paa ni njia salama zaidi.

Soma kibandiko, kisha piga hesabu

Ampea hupatikana kwa kugawa wati kwa volti. Shawa nyingi madukani zimeandikwa wati 5,500 kwa volti 220, na hesabu hiyo inatoa ampea 25. Wengi huishia hapo. Lakini umeme wa Kenya ni volti 240. Elementi ile ile ikipewa volti zaidi huvuta umeme zaidi, kwa hiyo shawa hiyo itavuta karibu ampea 27.3, na nguvu yake halisi itakuwa takriban wati 6,500. Ile ya wati 7,500 kwa volti 220 itavuta kiasi cha ampea 37. Hizi ndizo namba za kuanzia.

Sheria ya fundi ni fupi: ampea za shawa zisizidi ampea za breka, na ampea za breka zisizidi uwezo wa kebo. Shawa ya ampea 27 inahitaji breka ya 32. Ya ampea 37 inahitaji breka ya 40. Kebo nayo lazima iweze kubeba 32 au 40 hizo pale ilipo, katika joto la pale ilipo.

Joto linavyopunguza uwezo wa kebo

Majedwali ya uwezo wa kebo wanayotumia mafundi yameandikwa kwa hewa ya nyuzi 30. Waya wa shaba wenye ganda la kawaida la PVC ukipita ndani ya paipu hubeba takriban ampea 24 ukiwa wa 2.5 mm², ampea 32 ukiwa wa 4 mm², ampea 41 ukiwa wa 6 mm², na ampea 57 ukiwa wa 10 mm². Kwa fundi wa Kitale, ambako hewa haifiki nyuzi 30 mara nyingi, namba hizi zinatosha kama zilivyo.

Sasa panda juu ya dari ya nyumba ya mabati Lodwar saa nane mchana. Nyuzi 45 ni jambo la kawaida, na 50 si ajabu. Ganda la PVC halipaswi kupita nyuzi 70. Hewa ikiwa tayari na 50, waya umebakiwa na nyuzi 20 tu za kupata joto lake wenyewe, mahali ambapo Kitale ungekuwa na zaidi ya 40. Ndiyo maana majedwali yale yale yana ukurasa wa marekebisho ambao wengi huuruka: kwa nyuzi 40 zidisha uwezo kwa 0.87, kwa nyuzi 45 kwa 0.79, na kwa nyuzi 50 kwa 0.71.

Fanya hesabu hiyo kwa kebo ya 6 mm², ambayo ndiyo mazoea ya mafundi wengi kwa shawa. Katika nyuzi 45 inabeba ampea 32.4, kwa hiyo breka ya 32 inakubalika kwa shida. Katika nyuzi 50 inabeba 29 tu, na breka ya 32 inairuhusu kuzidiwa. Kebo ya 4 mm² katika nyuzi 50 imeshuka hadi ampea 22.7, chini kabisa ya mahitaji ya shawa ndogo. Ya 10 mm² inabaki na 40.

Kwa hivyo pendekezo letu kwa Lodwar, Kakuma na maeneo jirani ni hili. Kebo ikipita juu ya dari chini ya mabati, tumia 10 mm², kwa shawa ndogo na hata kwa ile ya wati 7,500. Ikipita ndani ya ukuta, mbali na paa, 6 mm² itafaa kwa shawa ya wati 5,500 yenye breka ya 32. Usitumie 4 mm², na 2.5 mm² ya soketi isitajwe kabisa.

Kwenye vyumba vya kupangisha kuna mtego mwingine. Nyaya za shawa mbili zikiwekwa katika paipu moja hupashana joto, na uwezo wa kila moja hupungua tena kwa kuzidishwa na 0.8. Hata 10 mm², katika nyuzi 50, hubakiwa na ampea 32 na nukta. Kila shawa iwe na paipu yake.

Breka inapojizima

Kazi ya breka ya kawaida ni kulinda waya usiungue. Nayo imepimwa kwa nyuzi 30, kwa hiyo ikiwa ndani ya kisanduku cha chuma kilichopigwa na jua hujizima kabla ya kufika ampea zilizoandikwa. Mpangaji hukasirika, fundi huitwa, breka ya 32 huondolewa na ya 50 huwekwa. Shawa haitazima tena, na kuanzia siku hiyo waya hauna mlinzi. Dawa ni kuhamisha kisanduku kivulini ndani ya nyumba, kukaza skrubu zilizolegea, na kuacha nafasi kati ya breka zinazobeba mizigo mizito.

Chumvi, mchanga mkavu na uhai wa mtu

Maji ya visima vingi vya Turkana yana chumvi, na maji ya chumvi hupitisha stima vizuri zaidi. Shawa nyingi za bei nafuu zina elementi iliyo wazi ndani ya maji yenyewe. Madukani kuna aina iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi, ambayo elementi yake imefunikwa. Kama maji yako ni ya kisima, nunua hiyo.

Kisha kuna erthi. Nyumba nyingi hutegemea fimbo iliyopigwa ardhini, na mchanga mkavu haupitishi stima vizuri. Chukua fimbo yenye ukinzani wa omu 100. Stima ikivuja, volti 240 zitasukuma ampea 2.4 tu kupitia ardhini. Breka ya 32 haitahisi chochote, na bomba la bafuni litabaki na stima likimsubiri mwenye mkono wenye maji. Hapa kinachookoa ni breka ya RCD ya miliampea 30. Hiyo hulinganisha stima inayoingia na inayorudi, na ikiona pengo hukata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Sisi hatukubali shawa yoyote bila RCD. Ikijizima kila mara, elementi au kiungio kinavuja. Fundi atafute kosa, asiipite RCD kwa waya wa pembeni. Bonyeza kitufe chake cha T mara moja kila mwezi, na ikikataa kukata, usioge kwa shawa hiyo mpaka ibadilishwe.

Mtu akishikwa na stima bafuni, usimguse. Zima swichi kuu kwanza, kisha umtoe na uite msaada. Kama hapumui, anza kumkandamiza kifua mara moja.

Viungio, swichi na vifaa bandia

Mioto mingi ya shawa huanzia mahali pamoja: pale waya za shawa zinapoungana na kebo. Utepe mweusi hautoshi, wala koneta ya plastiki laini. Dai koneta ya kauri iliyokazwa sawasawa. Shawa isiunganishwe kwa plagi ya ampea 13. Iwe na saketi yake kutoka kwenye kisanduku, na swichi ya pole mbili ya ampea 45 iliyowekwa mahali ambapo anayeoga hawezi kuifikia.

Kebo bandia zipo sokoni: alumini iliyopakwa shaba. Kata ncha utazame katikati. Ikiwa nyeupe, irudishe dukani. Tafuta alama ya ubora ya KEBS, na utume nambari yake ya kibali ikitanguliwa na SM# kwa ujumbe mfupi kwenda 20023.

Fundi awe na leseni ya EPRA. Mwambie akuonyeshe kabla hajafungua mkoba. Kabla ya kumlipa, apime ukinzani wa erthi na aijaribu RCD mbele yako, kisha shawa iendeshwe dakika kumi. Izimwe kwenye kisanduku, naye afunue kiungio na aguse kebo na koneta: joto kidogo si tatizo, lakini kama haziguswi, kazi irudiwe. Akupe cheti cha kukamilika kwa kazi. Ndani ya mlango wa kisanduku cha breka abandike karatasi yenye unene wa kebo, ampea za breka na tarehe, ili fundi atakayekuja baadaye asibadilishe breka kwa kubahatisha.