Mfuko wa Kilo 50 kwa Bei ya Kilo 25: Mnunuzi Ana Haki Gani?

Msimu wa mpunga ukianza hapa Malinyi, duka la pembejeo halikosi watu. Mbolea ya urea huuzwa kwa mifuko ya kilo 50 na ya kilo 25. Tuchukue mfano: dada aliyeajiriwa juzi anasoma mstari usio wake kwenye orodha ya bei, na asubuhi nzima anauza mfuko wa kilo 50 kwa bei ya ule wa kilo 25. Mnunuzi wa kwanza ni kijana aliyetumwa na baba yake, hajawahi kununua mbolea. Wa pili ni mkulima mzoefu, na wiki iliyopita alinunua mfuko kama huo hapo hapo kwa bei kamili. Anasikia bei, ananyamaza, na badala ya mifuko 2 aliyoijia anachukua 4. Jioni mwenye duka anapiga hesabu. Je, anaweza kuwadai?

Tuanze na sheria. Wengi husema bei iliyobandikwa ndiyo sheria, muuzaji hana ujanja. Sivyo. Kwa kanuni tuliyorithi kutoka Uingereza, iliyowekwa wazi katika kesi ya maduka ya dawa ya Boots mwaka 1953, bidhaa iliyopangwa rafuni na bei yake ni mwaliko tu. Anayeomba kununua ni mteja, na kabla ya kukubaliana muuzaji anaweza kusema, "Samahani, bei hii imekosewa." (Hiyo si ruhusa ya kubandika bei ndogo kwa makusudi ili kuvuta watu, kisha kudai nyingine kaunta. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani.)

Lakini wanunuzi wetu wamekwisha kulipa na kuondoka. Hapa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema jambo linalomlinda yule kijana: mkataba hauvunjiki kwa sababu tu upande mmoja ulikosea. Alilipa alichoambiwa kwa nia njema. Mwenye duka hana ruhusa ya kumfuata nyumbani na kuchukua mfuko kwa nguvu, wala kumwita mwizi mbele ya majirani. Risiti yake na aitunze.

Mkulima mzoefu ana hali nyingine. Mwaka 1939 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya Hartog dhidi ya Colin & Shields, iliyohusu ngozi 30,000 za sungura wa porini kutoka Argentina. Wauzaji walitaja bei kwa ratili, wakati mazungumzo yote ya awali na desturi ya biashara hiyo vilikuwa kwa ngozi moja moja. Ratili moja ina ngozi kama tatu, kwa hiyo bei ilishuka hadi theluthi moja. Mnunuzi alipodai auziwe kwa bei hiyo, mahakama ilimkatalia: lazima alijua kwamba wenzake wamekosea. Hukumu ya Uingereza haizifungi mahakama zetu, ila husikilizwa. Na mkulima wa hapa haihitaji, maana hata yeye akisikia mchele wa debe unauzwa kwa bei ya kilo anajua kuna kosa.

Wanaodhani Mt. Thomas wa Akwino aliandika juu ya malaika tu wafungue Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 77. Anamtaja muuzaji anayetoa dhahabu akidhani ni shaba. Mnunuzi akijua, anasema Thomas, amenunua bila haki na anapaswa kurudisha. Katika swali hilo hilo anakumbuka kisa cha Mt. Augustino, Mwafrika mwenzetu, cha mtu aliyeletewa kitabu na muuzaji asiyejua thamani yake. Yule mtu alilipa bei ya haki, iliyokuwa kubwa mbali na ile aliyoombwa. Katekisimu nayo, namba 2409, inaweka chini ya amri ya saba kila namna ya kuchukua au kushikilia mali ya mtu isivyo haki, hata pale ambapo sheria ya nchi haijavunjwa.

Basi kijana je? Hapa sheria na Thomas wanaachana. Thomas anasema aliyekosa kujua hana dhambi, lakini siku anapojua wajibu wa kufidia unaanza. Sheria inaishia mlangoni pa duka. Haiwezi kupima dhamiri ya kila mteja, na biashara isingeenda kama kila mauzo yangefunguliwa upya. Sisi tunasimama na Thomas, kwa sababu moja ambayo vitabu vyetu vya falsafa huisahau: upungufu ule mara nyingi hauangukii duka. Unakatwa kwenye mshahara wa yule dada. Mkulima aliyenyamaza alidhani anamshinda tajiri, kumbe anakula posho ya binti wa jirani. Mwenye duka naye, aliyemwacha mgeni peke yake na orodha ya kuchanganya, hana haki ya kumtwisha hasara yote.

Kijana asilazimishwe bei ambayo pengine asingeikubali. Arudishe mfuko na apewe fedha zake, au aongeze tofauti. Kama urea imekwisha kumwagwa shambani, baba yake akae na mwenye duka wakubaliane kiasi, na hicho kilipwe mpunga ukivunwa. Mkulima mzoefu hana hiari hiyo ya kusubiri kuombwa. Mifuko 2 aliyoijia ailipie bei kamili, na ile 2 ya ziada airudishe kesho asubuhi, kabla dada hajaitwa kueleza hesabu.