Toleo Jipya la Linux Limefika Tukuyu: Vidokezo 9 vya Kulipokea Bila Kumaliza Bando

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuipa Windows 10 masasisho yake ya kawaida ya bure. Siku hiyohiyo Zorin OS 18, mojawapo ya zile familia za Linux tunazoziita distro, ikatoka. Watu waliipokea kwa shangwe! Ndani ya siku mbili na kidogo ilikuwa imepakuliwa zaidi ya mara 100,000, na baada ya mwezi na ushei ikapita milioni moja. Zaidi ya robo tatu ya upakuaji huo ulitoka kwenye kompyuta za Windows. Siku tano kabla yake ilikuwa imeshatoka distro nyingine, Ubuntu 25.10, na Septemba Linux Mint 22.2.

Sasa turudi kwetu Bagamoyo, hii ya Tukuyu. Una laptopu ya mtumba inayoambiwa haifai kwa Windows 11, bando la kuhesabu, na mvua ya Rungwe ambayo ikinyesha umeme nao unaaga. Usiitupe laptopu hiyo. Ina miaka mingine ndani yake, na kazi ya kuifufua unaiweza.

1. Acha liive kwanza

Parachichi likichumwa leo Katumba, hulili leo. Na toleo jipya lipe wiki kadhaa. Ubuntu 25.10 ilikuja na zana za ndani zilizoandikwa upya kwa lugha ya Rust, na muda si mrefu ikabainika kwamba amri ndogo ya kusoma tarehe ilikuwa na kasoro: mashine zikaacha kujikagua zenyewe kama kuna masasisho. Siku za mwanzo pia watu walishindwa kusakinisha programu za Flatpak. Yote yalirekebishwa upesi, na waliosubiri kidogo hawakusumbuka hata kidogo. Ubuntu wenyewe wanalijua hili: ukiwa kwenye toleo lao la muda mrefu, hawakualiki kuhamia linalofuata mpaka lile la marekebisho ya kwanza litoke. La 24.04 lilitoka Aprili 2024, mwaliko ukaja baada ya 24.04.1 ya mwishoni mwa Agosti.

2. Msikilize mwenye mashine kama yako

Toleo likitoka, wapo wanaolisifu mpaka mawinguni na wapo wanaolia kama wamefiwa. Utamwamini nani? Mwenye mashine inayofanana na yako! Anayesema "inaruka" akiwa na RAM ya GB 32 hajakuambia lolote kuhusu laptopu yako ya GB 4. Tafuta jina la modeli yako pamoja na jina la toleo, kisha soma malalamiko kabla ya sifa. Ukikuta watu watatu wanalalamikia waifai ya modeli hiyohiyo, umeokoa jioni nzima.

3. Namba inakuambia umri

Hii ni rahisi kuliko unavyodhani. Ubuntu 25.10 maana yake mwaka 2025, mwezi wa 10. Basi! Matoleo ya Aprili ya miaka inayogawanyika kwa mbili, kama 24.04, huitwa LTS na hupata masasisho kwa miaka mitano. Yale ya katikati hupata miezi tisa tu, kwa hiyo 25.10 mwisho wake ni Julai 2026. Linux Mint 22 na Zorin OS 18 zote zimejengwa juu ya 24.04, na zitahudumiwa hadi 2029. Kama bando ni la kuhesabu, chukua la muda mrefu. Kwa nini upakue mfumo mzima upya kila baada ya miezi michache?

4. Pima mashine kabla ya kuipenda distro

Ubuntu 24.04 kamili inataka RAM ya GB 4. Linux Mint inaanza na GB 2, ingawa kwa GB 4 ndipo inapumua vizuri. Ukiwa na mashine dhaifu, chagua Mint ya Xfce, ambayo mwonekano wake ni wa kawaida lakini ni mwepesi kweli. Una mashine ya zamani zaidi, ya biti 32? Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha mashine hizo, jambo lililowasikitisha wengi, nami pia. Debian 12 ya mwaka 2023 bado inaingia humo, na antiX nayo ni nyepesi sana.

Ukiwa na hela kidogo ya kutumia, nunua diski ya SSD kabla ya kitu kingine chochote. Laptopu iliyokuwa inakupa muda wa kuchemsha chai ndipo iwake, itakushangaza.

5. Mmoja apakue, mtaa mzima unakili

Faili la Mint ni karibu GB 3, la Ubuntu 24.04 ni zaidi ya GB 5. Hakuna sababu ya watu wanne wa mtaa mmoja kulipakua mara nne. Leseni za Linux zinaruhusu kunakili na kugawa, kwa hiyo changeni bando la usiku, mmoja apakue, wengine waje na flashi. Pakueni kwa torenti: mtandao ukikatika katikati, kazi inaendelea pale ilipoishia, na kila kipande kinakaguliwa chenyewe.

Kama faili limepita kwenye flashi za watu, likague kabla ya kulitumia. Kwenye Linux andika sha256sum ikifuatiwa na jina la faili. Kwenye Windows andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Herufi zitakazotokea zilinganishe na zilizowekwa na watengenezaji. Zikitofautiana hata moja, lifute. Flashi yenyewe iandae kwa programu ya Ventoy, ambayo hukuruhusu kuweka Mint, Zorin na Debian kwenye flashi moja na kuchagua wakati wa kuwasha.

6. Ionje bila kugusa Windows

Ningetamani kila mtu akijue hiki. Distro hizi zinawaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi, na usipobonyeza pa kusakinisha, diski yako haibadiliki. Chomeka flashi, washa mashine huku ukigonga F12 kwa Dell, Lenovo na Acer nyingi, au Esc na F9 kwa HP, kisha chagua flashi. Mfumo utaenda polepole kidogo kwa sababu unasomwa kutoka kwenye flashi, hilo lisikutishe.

Ukishaingia, usicheze na picha za ukutani. Jaribu vitu vinavyokulisha! Unganisha waifai. Piga wimbo. Fungua kamera. Funga kifuniko cha laptopu, subiri kidogo, kifungue uone kama inaamka. Na kama unafanya kazi ya steshenari, beba printa yako na uchape ukurasa mmoja hapohapo. HP nyingi hukubali bila ubishi, lakini baadhi ya Canon za leza zinahitaji kubembelezwa, na ni heri ujue leo kuliko siku wateja wamepanga foleni na fomu mkononi.

Waifai imegoma? Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kipengele cha simu cha kugawa intaneti kwa USB, na kwa kawaida mashine itaipokea mara moja. Kwenye Mint fungua Kidhibiti cha Viendeshi, na mara nyingi kiendeshi kinachokosekana kitaonekana humo.

7. Betri ijae, nakala iwe pembeni

Umeme ukikatika katikati ya kusakinisha, unaweza kubaki na mashine isiyo na Windows wala Linux. Jaza betri kabisa kabla ya kuanza. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS isubiri siku ya umeme tulivu. Na picha za harusi, mitihani ya shule, hesabu za duka, zote ziwe kwenye diski nyingine kwanza. Zote!

8. Barua isivurugike, bando lisivuje

Hofu kubwa ya walimu na watu wa ofisini ni hii: nikifungua barua yangu ya Word kwenye LibreOffice, mistari itaruka? Mara nyingi kinachoivuruga ni fonti. Sakinisha fonti za Carlito na Caladea, ambazo vipimo vyake vinalingana na Calibri na Cambria, na kurasa nyingi zitakaa mahali pake. Barua ya kuchapwa kwingine itoe kama PDF.

Kuhusu bando: Ubuntu inatumia programu za Snap, Firefox ikiwemo tangu 21.10, na hizo hujisasisha kimyakimya. Watumiaji wengi walilalamika pia kwamba Firefox hiyo ilichelewa kufunguka. Andika sudo snap refresh --hold na zitatulia mpaka uziruhusu mwenyewe kwa --unhold siku una bando la kutosha. Usisahau kuziruhusu, maana masasisho ndiyo ulinzi wako. Mint iliikataa Snap tangu toleo la 20 mwaka 2020, kwa hiyo huko hukutani nayo. Ujanja mwingine: sakinisha programu kwa apt-get badala ya apt, kwa sababu apt-get huacha mafaili yaliyopakuliwa ndani ya /var/cache/apt/archives. Yanakili kwenye flashi umpe jirani mwenye toleo kama lako.

9. Na Kiswahili kimo

Mwaka 2004, mwaka uleule Ubuntu ya kwanza ilipotoka, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Leo LibreOffice ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili; iwashe, utaacha kupigiwa mistari myekundu kwenye kila neno la barua yako. Kuna sehemu nyingi za Ubuntu na Mint ambazo bado hazijatafsiriwa, na tafsiri hufanywa na watu wa kujitolea kupitia tovuti ya Launchpad. Fungua akaunti, chagua programu moja ndogo unayoitumia kila siku, tafsiri maneno matano jioni moja. Anza na yale ya kitufe cha kuzima mashine, maana hicho kila mtu anakibonyeza.