Tangazo la katuni bila kulipia programu: mfano wa asali ya Tabora

Wafanyabiashara wenzangu, wengi mmeniuliza ile video ya chupa ya asali inayotembea kwenye ramani nimeitengeneza na nini. Ni Blender. Hii ni programu huria tangu 2002, unaipakua bure kwenye tovuti yao, na tangazo ukishalitengeneza ni mali yako, hudaiwi na mtu. Usiidharau kwa sababu ni ya bure. Filamu ya Flow kutoka Latvia ilitengenezwa humo humo, na 2025 ikachukua Oscar ya katuni.

Kabla ya kompyuta, tafuta wazo. Mteja wangu wa Dar ana wasiwasi mmoja tu: hii asali ni ya kweli au ni sukari imechemshwa? Kwa hiyo nikamwonyesha inakotoka. Nimechora mstari wa njia ya zamani ya misafara, Tabora, Mpwapwa hadi Bagamoyo, njia ya wapagazi wa Kinyamwezi. Stanley alitoka Bagamoyo Machi 1871, akafika Kwihara, hapa jirani na mjini kwetu, mwezi Juni. Leo mzigo unapanda basi tu. Hiyo tofauti ndo tangazo lenyewe.

Ila angalieni. Njia hiyo hiyo walipitishwa watu waliofanywa watumwa. Usichore watu wamebeba mizigo halafu ukaweka muziki wa kuchekesha, babu zetu wengine walipita hapo. Mimi nimeweka miembe, mstari na chupa, basi.

Kazi yenyewe sasa. Chora chupa kwenye karatasi, ipige picha kwa simu, kisha ifuatishe kwa Inkscape, nayo ni ya bure. Ihifadhi kama SVG, Blender inaisoma. Kwenye Blender badilisha ukubwa uwe 1080 kwa 1920, maana wateja wanashika simu wima. Kuisogeza chupa: weka fremu ya 1, ichague, bonyeza herufi I. Nenda fremu ya 120, ihamishe, bonyeza I tena. Hapo katikati Blender inajaza yenyewe. Kama toleo lako linauliza urekodi nini, chagua mahali ilipo.

Hesabu muda wako mapema. Sekunde moja ni fremu 24, kwa hiyo tangazo la sekunde 15 ni picha 360. Kompyuta ikitumia sekunde 6 kwa kila picha, ni dakika 36. Ikitumia dakika nzima, ni saa 6! Ndiyo maana nasema tumia EEVEE, achana na Cycles, hata kama huko YouTube wanaisifia.

Na hapa ndo pa kusikiliza vizuri, sisi tunaokatikiwa umeme. Usitoe video moja kwa moja. Umeme ukikatika kwenye picha ya 300, faili la video linaweza kuharibika lote, unaanza upya. Chagua PNG, ili kila fremu ihifadhiwe peke yake kwenye folda. Toa alama ya tiki kwenye "Overwrite". Umeme ukirudi, futa ile picha ya mwisho kabisa kwa sababu huenda ilikatika nusu, kisha bonyeza Ctrl na F12. Zilizokwisha kuchorwa zinarukwa, kazi inaendelea pale ilipoishia. Picha zote zikikamilika, ziunganishe kwenye sehemu ya kuhariri video ya Blender hiyo hiyo, utoe MPEG-4 yenye H.264, inafunguka hata kwenye simu za bei ndogo.

Muziki usichukue wa msanii bila ruhusa. Sauti yako mwenyewe inatosha, tena wateja wanaizoea.

Sekunde nne za mwisho nimeacha katuni kabisa, nimeweka picha halisi ya chupa, bei, ujazo na namba ya simu. Katuni inamfanya mtu asimame kuangalia, lakini hela anatuma akishaona mzigo wenyewe. Bei iandike kubwa, halafu jitumie video kwenye WhatsApp kwanza uone kama inasomeka juani.